Nábla na Kiazi chenye Majina Matatu

Nábla Nic Meanman alikuwa na ugonjwa wa kucheka. Si kile kicheko cha mtu aliyesimuliwa jambo akafurahi, bali kile kinachomkamata mtu kanisani wakati padri ameinua mikono, kinapanda kutoka tumboni, kinabana mbavu, mpaka mtu ajifanye anakohoa. Mama yake, Róise, alikuwa nacho vilevile, kwa hiyo nyumbani kwao Donegal, kaskazini-magharibi mwa Ayalandi, hapakuwa na wa kumkemea. Baba yake, Feidhlim, mtu wa maneno machache, alishazoea kula chakula chake katikati ya wanawake wawili wanaofuta machozi kwa sababu kuku amejikwaa uani.

Alikuwa bado msichana mdogo serikali ilipowahamisha. Kwao shamba lilikuwa mawe na upepo, na serikali ikaamua kuzichukua familia kutoka pembe za magharibi ambako watu bado walizungumza Kiayalandi, izipe ardhi kwenye udongo mnono wa Meath, upande wa mashariki. Ndivyo kilivyozaliwa kijiji cha Cluain Úr: nyumba nyeupe zinazofanana kama mayai ya kuku mmoja, kila nyumba na shamba lake, farasi, jembe la kukokotwa, na nguruwe asiyejua amekuwa wa nani. Basi liliwashusha akina Mac Meanman (Nic ni ya mabinti tu) mchana wa mvua. Kabla hata masanduku hayajafunguliwa, mlango ukagongwa.

Alikuwa mvulana mwenye masikio makubwa, ameshika sufuria iliyofunikwa kitambaa. Alisema mama yake amewaletea prátaí.

Nábla akaangua kicheko. Mvuke wa sufuria ulikuwa umeshamfikia puani, na alijua vizuri kilichomo ndani yake ni viazi vya kuchemsha, navyo kwa Kiayalandi cha watu wenye akili huitwa préataí. Hata mtoto mchanga wa Donegal alilijua hilo. Huyu mvulana alikuwa amelipanua neno katikati kama mtu anayepiga miayo. Róise alimkanyaga binti yake mguu, kisha yeye mwenyewe akajikaza na kumshukuru mgeni kwa préataí zake. Mvulana alipolisikia neno hilo masikio yalimwiva. Alifunga mdomo kwa nguvu, lakini mabega yakaanza kumtetemeka, na muda si muda wote watatu walikuwa wanacheka juu ya sufuria huku mvua inawalowesha.

Huyo ndiye aliyekuwa Muiris. Kwao ni Kerry, kusini kabisa, na sasa walikuwa majirani wa mkono wa kushoto. Jirani wa mkono wa kulia aliingia jioni ileile bila kugonga: Antaine, mseja wa Mayo, huko magharibi, mwenye kofia iliyokuwa haivuki mwaka bila kupata tundu jipya. Alikaa karibu na moto, akachungulia sufuria, akasema kwamba fataí hizo zinaonekana nzuri.

Feidhlim aliweka kisu chake mezani. Aliuliza kama serikali imewaleta Meath au imewaleta Babeli.

Basi hivyo ndivyo Nábla alivyokua, kati ya kiazi cha kushoto na kiazi cha kulia. Shuleni, Mwalimu Ó Broin, kijana mpole kutoka Dublin aliyejifunza Kiayalandi vitabuni, aliandika ubaoni práta, kwa sababu ndivyo kitabu kilivyosema, na watoto wa Kerry wakatembea wamejitutumua kwa wiki nzima kana kwamba wao ndio waliokitunga kitabu. Watoto wa Mayo walikataa kuandika. Watoto wa Donegal waliandika, lakini walipeleka ulimi kwao kila waliposoma kwa sauti.

Ugomvi ukahama kutoka kwa watoto ukaenda kwa wazazi, na miaka ikapita, mpaka Jumapili moja baada ya misa watu wazima walimzingira mwalimu nje ya kanisa, wakamtaka aamue neno la nani ndilo lenyewe. Mwalimu alisugua miwani yake. Alisema neno hilo halikuzaliwa Ayalandi, kama ambavyo kiazi chenyewe hakikuzaliwa Ayalandi. Watu wa visiwa vya ng'ambo ya bahari walikuwa na kiazi chao kitamu wakikiita batata. Wahispania walilichukua neno, wakalifanya patata, wakakipachika jina hilo kiazi kingine, hiki cha milimani. Waingereza nao wakalipokea, wakalipinda kivyao, likavuka tena maji mpaka huku.

"Sasa sisi tukalidondosha," alisema mwalimu, "likavunjika vipande vitatu, na kila mtu akaokota chake."

Antaine alivua kofia kwa heshima ya Wahispania. Aliwaomba majirani wasikilize vizuri: katika patata hakuna r hata moja, na katika fata pia hakuna. Hiyo r ya Kerry na Donegal imetoka wapi? Mwalimu alikiri kwamba hakuna anayejua ilivyoingia. Lakini Gobnait, mama yake Muiris, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kengele, alisema kwamba patata inaanza na p, na viziwi tu ndio hawasikii hivyo.

"Kwa hiyo wewe una kichwa cha Mhispania, mimi nina mkia wake," alisema Antaine.

"Na sisi wa Donegal tuna nini?" aliuliza Róise.

"Nyinyi mna kelele za katikati, jirani."

Ili kutuliza mambo, mwalimu alisema kwamba angalau kuna jambo moja wote wanakubaliana. Kiayalandi hugawa vitu vyote kuwa vya kiume na vya kike, na neno hili, katika vinywa vyote vitatu, ni la kiume. Hapo wanawake walishikana mabega. Róise alisema alijua tu, kwa maana kiazi hukaa palepale kimelala mpaka mtu aje akichimbue, akioshe, na akitie moto chini. Feidhlim aliangalia mawingu.

Mimi na wewe, kiazi kikiwa kimoja kisha vikawa vingi, tunakigusa kichwani: kiazi, viazi. Wenzetu hawa hukiongezea mkia, práta ikawa prátaí, kichwa wakakiacha. Lakini ngoja kiwe mali ya mtu. Ukisema "changu," ile p inalainika midomoni na kutoka f: mo phráta, nao hutamka mo fráta. Antaine alikuwa ameishikilia silaha hii siku nyingi. Aliwaambia kwamba Kerry na Donegal wote, kila wanapojigamba kuwa kiazi ni chao, tayari wameshaanza kusema Kimayo. Watu wa Mayo, alisema, waliipenda sana ile f ya umiliki wakaiacha ibaki siku zote.

Gobnait hakukawia hata kidogo. "Na wewe ukisema chako, Antaine, f yako inakufa kabisa. M'fhata, unasema mata. Ndiyo maana huna mke. Kila unachokiita chako kinatoweka."

Nábla alicheka mpaka akaegemea ukuta wa kanisa, na alipofungua macho alimwona Muiris upande wa pili, ameegemea ukuta uleule, anacheka vilevile. Wakati huo walikuwa wameshakua. Masikio ya Muiris yalikuwa bado makubwa, ila sasa uso ulikuwa umeyafikia. Aliacha kucheka, akamtazama tu. Nábla naye akamtazama.

Vuli ile walichimba viazi pamoja, maana pale Cluain Úr ilikuwa desturi majirani kusaidiana zamu kwa zamu. Walikuwa mstari mmoja, yeye na Muiris, migongo imepinda, mikono imejaa udongo. Nábla alimwambia kwamba ametumia karibu nusu ya maisha yake jikoni kwa Gobnait na ajabu ni kwamba ulimi wake bado msafi, haujawahi kusema lile neno lao. Muiris alisema wa kwake pia ni msafi. Wakabishana kidogo ni ulimi wa nani utakaoteleza kwanza. Halafu Muiris, bila kuinua kichwa, alisema kwamba kama ni hivyo waweke dau.

"Dau gani?"

"Atakayesema neno la mwenzake kwanza, aende kwa baba wa mwenzake, asimame mbele ya moto, aombe ndoa."

Nábla alikaa chini kwenye udongo wenye unyevu. "Hata nikishindwa mimi? Msichana aende kuomba mume?"

"Hata ukishindwa wewe. Baba yangu atakukaribisha chai."

"Nakubali," alisema Nábla. Kisha alirusha kiazi juu kabisa, kikamwangukia Muiris mgongoni, wakachimba mpaka jioni, wote wawili wamelewa kabisa na wala hawakunywa kitu.

Mtu angedhani kazi imekwisha. Kijana anampenda msichana, amejitengenezea mlango mwenyewe, anatakiwa tu aseme préata mara moja na aingie. Nábla alingoja aingie. Hakuingia. Muiris alikuwa na kiburi cha watu wa Kerry, na zaidi ya kiburi alikuwa na mama. Gobnait alizipata habari za dau kwa njia ambayo habari zote zilimfikia, na akamwambia mwanawe kwamba siku atakayoingiza neno la Donegal ndani ya nyumba ile atalala na nguruwe, na harusi yake itafanyika hukohuko.

Nábla naye angeweza kushindwa makusudi. Asubuhi moja, akikamua ng'ombe, alilijaribu lile neno pembeni ya sikio la mnyama, polepole, kama mtu anayeonja mchuzi wa jirani. Práta. Uso ukamwaka moto, akaangalia huku na huku kama amefanya kosa. Ng'ombe alimgeukia. Akalisema tena, akacheka, ndoo ikapinduka, na aliporudi ndani bila maziwa hakuweza kumweleza mama yake kilichotokea. Lakini mbele ya Muiris? Kamwe. Muiris ndiye aliyetoa dau, basi yeye ndiye avunjike.

Kijiji kizima kiliingia kwenye mchezo. Muiris alijifanya kiziwi, akamwomba Nábla arudie maneno ya Gobnait kama alivyoyasema, ameagiza aletewe nini. Nábla alijibu kwamba ameagiza gunia la vile mnavyovikosea jina. Nábla akamtega kwa kumwimbia wimbo wa Donegal wa kuchezea watoto, akaacha neno la mwisho bila kulisema, akitumaini atalimalizia. Muiris alimalizia kwa mluzi. Wazee waliwauliza maswali yasiyo na kichwa wala miguu barabarani. Hata padri, inasemekana, alimuuliza Muiris kwenye maungamo amekula nini mchana, na Muiris akasema amekula nguruwe na kabichi, kisha akakaa kimya.

Antaine alikuwa na furaha kuliko wote. Aliwaambia waendelee tu, kwa maana wakichoka wote wawili watakuta neno la tatu linawangoja mlangoni, limevaa kofia.

Ikafika Samhain, siku ya mwisho wa mavuno, ambayo kila nyumba hupika viazi vilivyopondwa pamoja na kabichi, hutobolewa shimo katikati likajazwa siagi ya kuyeyuka, na ndani yake hufichwa pete. Atakayeipata ataoa au kuolewa kabla mwaka haujaisha. Mwaka ule Róise aliwaalika majirani wa pande zote mbili. Pete aliitoa kwenye pazia la chumbani, ilikuwa ya shaba, akaificha mwenyewe akiwa amewageuzia wote mgongo. Sufuria iliwekwa katikati ya meza, mvuke ukapanda mpaka darini, na kila mtu akapewa kijiko.

Nábla hakuwa na subira, na kwa kweli alikuwa ameamua. Kama hawezi kulipata jambo hili kwa ulimi atalipata kwa kijiko. Alichota fungu kubwa kutoka upande ambao mama yake alikuwa ameuangalia mara nyingi mno, akalitia lote mdomoni.

Lilikuwa la moto wa jehanamu. Macho yalimtoka. Kutema mbele ya wageni haiwezekani, kumeza haiwezekani, na midomo haifungiki. Sasa jaribu wewe, mdomo umejaa kiazi cha moto na siagi inachuruzika kidevuni, kutamka p. Huwezi. Inahitaji midomo ikutane, na midomo ya Nábla ilikuwa haitaki kukutana na chochote. Alitaka tu kuwaonya wengine kwamba kiazi kinaunguza, akapepea mikono, akapuliza, na kilichotoka, mbele ya Donegal yote na Kerry yote, kilikuwa fata.

Meza nzima ilimgeukia.

Muiris, kwa kumwonea huruma au kwa kutaka naye aangaliwe, ilikuwa vigumu kujua, alichota fungu lake hapohapo bila kulipuliza, akalitia mdomoni. Masikio yakawa mekundu. Alishika ukingo wa meza. "Fata," alisema naye, kwa sauti ya mtu anayezama. "Fata, fata."

Nábla alipoona hivyo ugonjwa wake ulimshika akiwa bado amebeba moto mdomoni, na wanaomkumbuka wanasema hawajawahi kuona mtu akicheka, akilia, akimeza na kupuliza kwa wakati mmoja. Róise alikuwa chini ya meza. Gobnait, ambaye hakuwa amecheka tangu aondoke Kerry, alifunika uso na aproni na aproni ikawa inaruka. Ndipo Antaine, aliyekuwa anakula kwa utulivu wa mshindi, alipiga yowe dogo, akatia vidole mdomoni, akatoa pete ya pazia, na pamoja nayo kipande cha jino.

Aliiweka mezani mbele yake, akaitazama. Kisha alisimama, akavaa kofia ili apate kuivua, na akaenda kusimama mbele ya moto, mkabala na Feidhlim.

"Feidhlim," alisema, "dau limekwisha. Hawa wote wawili wamesema neno langu, kwa hiyo mshindi ni mimi. Na pete imenijia mimi. Hivyo kwa haki zote anayestahili kusimama hapa ni mimi. Nimekuja kuomba binti yako."

Kicheko cha Nábla kilikatika kama kamba. Aliangalia mama yake, akaangalia kofia yenye matundu, akaangalia mlango. Muiris alikuwa amesimama nusu, kijiko mkononi, hajui kama ampige mzee au ampishe. Feidhlim aliupa moto mgongo, akawasha kiko, akavuta mara moja, akavuta tena. Watu wa Donegal hawajibu haraka jambo la ndoa, na Antaine alikuwa analijua hilo, naye alikuwa anaufurahia kila wakati uliopita.

"Unamwombea nani?" aliuliza Feidhlim hatimaye.

"Unadhani nani? Huyu hapa mwenye masikio. Mimi ningemwita wangu angetoweka, si tumeambiwa na mama yake."

Gobnait alitoa uso kwenye aproni, akasema hilo ndilo neno la kwanza la maana kuwahi kutoka Mayo. Feidhlim alisema ni sawa kwake. Hakusema zaidi, lakini alimjazia Antaine bilauri ya wiski mpaka ukingoni, na Antaine, kwa kuwa mshenga lazima azungumze na pande zote, akawaongoza wote nje kwenye ubaridi, wakaenda nyumba ya kushoto, ili aombe upya mbele ya moto wa Kerry na ajaziwe bilauri nyingine. Muiris na Nábla walibaki nyuma kidogo barabarani. Ndimi zao zilikuwa zimebabuka, hawakuweza kusema kitu cha maana. Muiris alimpa mkono wake, na Nábla akaushika, wakaanza kukimbia bila sababu yoyote, wakawapita wazee, wakaipita nyumba, wakaenda mpaka kwenye lango la kanisa, ambako walisimama wakihema, wakatazamana, wakaanza upya kucheka.

Walioana kabla ya Kwaresima. Mapato ya shamba hayakuwa makubwa wala madogo. Muiris aliendelea kupanda prátaí na Nábla kuchimba préataí kwenye mashimo yaleyale, na Antaine alikuja kila Jumapili kula fataí, akitafunia upande mmoja. Mtoto wao wa kwanza alikuwa msichana, wakamwita Sadhbh. Alipokaribia kuanza kusema, majirani walitafuta visingizio vya kupita pale wakati wa chakula. Gobnait alikuwa akimnong'oneza neno lake sikioni akimbembeleza, Róise naye alifanya hivyo kwenye sikio la pili, na Antaine alimchongea kiazi cha mti, akampa akichezee huku akimtajia jina lake kwa ustaarabu.

Mchana mmoja nyumba imejaa, Nábla aliweka mbele ya mtoto sahani ya viazi vilivyopondwa na siagi. Sadhbh alivitazama. Watu waliinama mbele. Mtoto alikunja pua, akaisukuma sahani mpaka ikafika kwa babu yake Feidhlim, kisha akanyoosha kidole kwenye kabati na kusema, waziwazi, kwa lafudhi ambayo hakuna aliyeweza kuidai, arán.

Mkate. Neno ambalo Donegal, Mayo na Kerry wote huliandika vilevile.

Nábla alikaa sakafuni, mikono tumboni, na Muiris akalazimika kukata mkate mwenyewe. Feidhlim aliivuta ile sahani karibu, akaanza kula, bila kukiita chochote.